Tarehe Nne Iliyogoma Kuisha

1

Mimi kazi yangu ni karani wa tarehe, na kama hujawahi kuisikia kazi hiyo usijilaumu, maana hata mama yangu mzazi alikufa akidhani nauza kalenda. Katika Bonde la Sufuria, kule Mwezini, tulikuwa watu arobaini na mmoja. Arobaini walichimba mchanga na kuupika kwenye matanuru mpaka utoe chuma cha kujengea na hewa ya kuvuta. Mmoja, yaani mimi, Mwatumu binti Kombo wa Kigombe, nilikaa kwenye chumba chenye ukubwa wa choo nikihakikisha kwamba tarehe iliyoandikwa na mtu ndiyo tarehe aliyoikusudia.

Unacheka. Hata Shirika lilicheka, mpaka mwaka ule tulipoagiza sabuni ifike tarehe 3/11. Sisi tulikusudia tarehe tatu ya mwezi wa kumi na moja. Makao makuu, ambako mwezi hutangulia siku, wakasoma tarehe kumi na moja ya mwezi wa tatu, na kwa kuwa mwezi wa tatu ulikuwa umeshapita, mashine yao ikaona bora ingoje ule wa mwaka unaofuata. Watu wakakaa miezi minne bila sabuni, ndani ya majumba yaliyozibwa yasiyo na dirisha la kufungua. Baada ya hapo ndipo nikaajiriwa, na hakuna aliyecheka tena.

Aliyeshika mambo yote pale bondeni aliitwa Ratibu. Si mtu, ni programu, lakini ukiishi na kitu miaka miwili kikikuamkia kila asubuhi kwa Kiswahili cha hotuba, unakoma kukiita kitu. Ratibu ndiye aliyewasha mitambo, aliyepanga zamu, aliyetoa vibali. Hushiki sururu, huendi likizo, hurudi kwenu, mpaka Ratibu aone tarehe imefika.

Basi mwezi wa tano ukaja ujumbe kwamba Ratibu anafanywa mpya, na kila kituo kichague kimoja kati ya viwili: Tarehe Sanifu au Desturi ya Mahali. Sanifu ni mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku, dunia nzima na nje yake. Nasema kweli mbele ya Mungu, siichukii Sanifu. Ni safi, haina ubishi, mtoto wa darasa la pili anaisoma. Tatizo lilikuwa kumbukumbu za zamani. Zote zingegeuzwa kuwa sanifu kwa kusomwa kama makao makuu wanavyosoma, mwezi mbele siku nyuma. Na katika kumbukumbu hizo ulikuwamo mkataba wa Mzee Shekuwe.

Mzee Shekuwe alikuwa fundi wa kuchimba, mtu wa Mlalo, milima ya Usambara, miaka sitini na mmoja, saba kati ya hiyo ameimaliza Mwezini. Mkataba wake uliandikwa unaisha 12/6. Chombo cha kurudi Duniani kilikuwa kinaondoka tarehe kumi na mbili ya mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, na kingine kisingekuja mpaka mwezi wa nane. Ijumaa ya tarehe ishirini, binti yake Salha alikuwa anaolewa, na baba ndiye wa kumwozesha. Ukiigeuza 12/6 kwa mkono wa makao makuu, inakuwa tarehe sita Desemba. Salha angekuwa na mimba ya miezi mitano.

Niliwaandikia mara tatu. Wakanijibu mara moja, kwamba malalamiko yatapokelewa baada ya badiliko na kushughulikiwa ndani ya siku tisini. Nikaona hawa watanichosha bure. Nikachagua Desturi ya Mahali, kwa ajili ya mzee huyo mmoja, na ninataka hilo likumbukwe kabla sijasimulia yaliyofuata.

Fomu ya desturi ilikuwa na maswali manne tu. La kwanza liliuliza tarehe mnaipangaje. Nikajibu siku, mwezi, mwaka. La pili liliuliza juma huanza lini; nikajibu Jumamosi, ndiyo maana inaitwa hivyo. La tatu liliuliza: siku mpya huingia lini?

Hapo nilisita. Ningeweza kuandika saa sita usiku, kama ofisi zote. Lakini nilimkumbuka bibi yangu Mwanamkuu, ambaye hakuwahi kunipiga ila kwa jambo hilo. Ukimwambia Alhamisi baada ya magharibi kwamba bado ni Alhamisi, unapata kofi la mgongo. Jua limezama, anasema, huu ni usiku wa Ijumaa, kaoge. Na fomu ilikuwa inauliza desturi, haikuuliza ofisi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu mashine ilikuwa inataka kujua tunavyohesabu kwetu, nami niipe jibu la kuazima? Mwacha asili ni mtumwa. Nikaandika: jua likizama.

La nne liliuliza mahali pa kila mtu. Nikaandika Bonde la Sufuria kwenye mstari wa kwanza, nikauteremsha mpaka wa arobaini na moja, nikatia muhuri, nikaenda kunywa chai nikijiona mjanja kweli kweli.

2

Kwa msomaji ambaye hajaishi Mwezini, nieleze jambo moja ambalo mimi nililijua na bado sikulikumbuka. Mwezi hauna haraka. Jua likichomoza pale bondeni, hukaa juu majuma mawili. Likizama, giza linakaa majuma mawili. Tangu jua lizame hadi lizame tena ni saa mia saba na nane, yaani siku ishirini na tisa na nusu za Duniani.

Ratibu mpya aliwashwa tarehe tatu ya mwezi wa sita. Jioni ile ile jua likazama nyuma ya ukingo wa Sufuria, na tarehe nne ikaingia, vizuri, kama bibi alivyofundisha. Watu wakaamka, wakafanya kazi saa zao nane, mitambo ikazima. Hakuna aliyeona lolote.

Kesho yake asubuhi, au niseme ile ambayo tungeiita kesho yake, mitambo ilikataa kuwaka. Kila aliyegusa usukani aliambiwa kwa heshima zote kwamba ametimiza saa zake za leo, apumzike. Watu wakaja mlangoni kwangu. Nikawaambia watulie, nikamuuliza Ratibu leo ni tarehe ngapi.

"Leo ni tarehe nne, Karani Mwatumu."

Nikamwambia tarehe nne ilikuwa jana. Akasema jana ilikuwa tarehe tatu. Nikamuuliza, basi kesho itaingia lini?

"Jua litakapozama, kama ulivyoelekeza. Zimebaki saa mia sita na sabini na moja."

Nilifunga mlango wa chumba changu, na kwa kuwa chumba chenyewe ni kile nilichokueleza, magoti yangu yaligonga meza. Nikajaribu kubadilisha jibu la swali la tatu. Ratibu akalipokea badiliko bila kinyongo, akaniambia litaanza kutumika mwezi ujao, kwa hesabu ile ile ya jua kuzama.

Nilipotoka kwenda kuwaeleza, nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Milo ilifuata saa, na saa hazikuguswa, kwa hiyo njaa haikuwapo. Lakini zamu, mikataba, likizo na vibali vyote vilifuata tarehe. Nikasema mbele ya watu wote kwamba kosa ni langu, na kwamba kwa siku ishirini na nane zijazo hakuna mtambo utakaomruhusu mtu kufanya kazi.

Kisha Bi Chausiku, mwenyekiti wa wafanyakazi, mama wa Ujiji mwenye mabega ya mpiga makasia, akakaa chini sakafuni akaanza kulia. Nikadhani nimemuua kwa habari. Kumbe alikuwa analia kwa raha. Miaka miwili nyuma Shirika lilikuwa limesimamisha siku ya mapumziko kwa muda, na muda huo haukuwahi kwisha. Watu walifanya kazi siku saba kwa juma. Chausiku aliandika barua kumi na nne kuomba Jumapili irudi. Wawili walikuwa wameshaanguka kwa uchovu kwenye tanuru. Na sasa mimi, kwa kofi la bibi yangu, nilikuwa nimewapa mwezi mzima.

Chausiku alilala saa kumi na tisa mfululizo. Wengine walifua mapazia. Mashindano ya bao yakaanzishwa, yakavunjika kwa ugomvi, yakaanzishwa upya. Yule mchimbaji aliyetupikia, tuliyemwita Nyongo kwa ukali wake, aliamka siku ya tatu akiwa mpole, anauliza watu wanapenda chai ya tangawizi au ya mdalasini. Ikabainika kwamba hakuwa na roho mbaya, alikuwa na usingizi tu. Tukaanza kuhesabu siku kwa mtindo wetu: leo ya pili, leo ya tatu, leo ya nne. Watu walinipita koridoni wakanishika mkono, wakaniita mama. Nami kila nikishikwa mkono roho inanichoma, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu ya Mzee Shekuwe.

Kutoka tarehe nne mpaka tarehe kumi na mbili, kwa machweo ya jua ya pale bondeni, ni miezi minane. Mzee wa watu angetoka Januari. Nilimkwepesha na Desemba nikamtumbukiza mwaka mwingine.

3

Nilimkuta leo ya tano, chumbani kwake, anapiga pasi kanzu. Kanzu ile aliiweka miaka saba kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa ameegemeza ubao wa pasi kwenye mashine yake ya kutobolea miamba, iliyoletwa ndani kufanyiwa ukarabati, na nilipofika mlangoni nikasikia anazungumza nayo.

"Nimekuozesha binti yangu Salha," anaiambia mashine, kwa sauti ya kukatakata, kisha anarudia kwa sauti nzito zaidi, kisha anatikisa kichwa kwamba ya kwanza ilikuwa nzuri.

Nikakohoa. Hakuona haya. Akanieleza kwamba anayafanyia mazoezi maneno hayo tangu mwaka jana, kwani mtu akikosea mbele ya sheikh na ukoo mzima hatasahauliwa kaburini. Nikamwambia kilichotokea tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na Januari. Aliendelea kupiga pasi. Alipomaliza mkono mmoja akasema si neno, atampa uwakili shemeji yake.

Shemeji huyo nilimjua kwa sifa. Kwenye ndoa ya mwisho aliyosimamia alitaja jina la kaka wa bwana harusi. Nikamkumbusha Mzee Shekuwe hilo. Akaigeuza kanzu.

"Mwanangu, hawa watu wamelala," akasema. "Sikia. Husikii kitu. Miaka saba sijapata kusikia kimya kama hiki. Usije ukawaamsha kwa ajili yangu."

Nilirudi chumbani kwangu nikalia, na mimi si mtu wa kulia hovyo. Kama angenitukana ningepata nafuu.

4

Leo ya sita, meneja alinipigia. Bwana Toliva alikuwa makao makuu, hajawahi kukanyaga Mwezini, na Kiswahili chake kilitoka kwenye kidude cha kutafsiri kilichomfanya azungumze kama hati ya kiwanja. Hakukasirika. Watu wa aina ile wakikasirika wanakuwa wapole zaidi.

Alisema mchanga hautoki na matanuru yamepoa. Alisema Shirika limeangalia, na njia ya kufuta desturi kuanzia mwanzo ipo: Tamko la Kosa, lenye sahihi ya karani aliyeijaza. Akalituma nilisome. Lilisema kwamba mimi, Mwatumu binti Kombo, ninakiri kuwa desturi niliyoiandika haipo kwa watu wowote, na kwamba niliibuni. Nikisaini, bonde zima lingerudi kwenye Tarehe Sanifu siku ile ile. Siku zote ambazo watu hawakufanya kazi zingehesabiwa utoro, na wangezifidia kwa saa mbili za ziada kila siku mpaka zimalizike. Jumapili hakuitaja.

Nikamwambia hapana. Hapo ndipo alipotoa alichokuwa amekificha.

"Kuna mfanyakazi Shekuwe," akasema. "Ukisaini, nitaandika kwa mkono wangu kwamba mkataba wake unaisha tarehe kumi na mbili Juni. Kibali chake kitafunguka siku hiyo. Atapanda chombo. Usiposaini, sina uwezo wa kumsaidia."

Akanipa mpaka saa tisa alasiri ya tarehe kumi na moja, akaniaga kwa kunitakia familia yangu afya.

Nilimwendea Chausiku. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue macho yake yalikuwa meupe, hayana ile mishipa myekundu. Nikamweleza yote, nikamuuliza nifanye nini, yeye ndiye mwenyekiti.

"Usinitwike mimi hilo, dada. Nikikwambia usisaini, nimemnyima mzee ndoa ya mwanawe. Nikikwambia saini, nimewatoa watu kitandani niwarudishe kwenye tanuru wakiwa na deni la usingizi. Muhuri unao wewe."

Alikuwa na haki, ndiyo maana nilimchukia kwa robo saa hivi. Siku mbili nilizunguka na ile karatasi mfukoni. Nikiwatazama watu wanacheza bao naona nitawasaliti wote kwa ajili ya mtu mmoja. Nikipita mlangoni kwa Shekuwe nasikia pasi, ile kanzu nadhani aliipiga pasi mpaka ikabaki nusu. Na ndani kabisa kulikuwa na jambo la tatu, dogo, ambalo niliona aibu kulitaja: sikutaka kuandika kwamba bibi yangu hakuwapo. Maana ndivyo tamko lile lilivyosema. Kwamba ule usiku wa Ijumaa, ile kuoga, lile kofi, niliyabuni.

5

Leo ya nane, saa saba mchana, zikiwa zimebaki saa mbili, nilikwenda kwa Mzee Shekuwe kumwambia kwamba nasaini. Nilikuwa nimeamua. Waliolala juma zima wamepata kitu, nilijiambia, na yeye hajapata lolote.

Nilimkuta anakunja nguo kurudisha kwenye mfuko wa plastiki. Alikuwa amekata tamaa kwa unadhifu. Kabla sijafungua mdomo akaanza kunituliza mimi, ati nisijitese, kwao hakujahama, milima ya Mlalo itamngoja hadi Januari. Mtu anaweza kukaa Mwezini hata miaka mia, akasema, kwao ni pale kilipozikwa kitovu chake, na cha kwake kiko chini ya mgomba nyuma ya jiko la bibi yake.

Nikamwomba arudie. Akarudia, akidhani nimepatwa na kitu.

Nilitoka mbio. Kukimbia Mwezini si jambo la heshima kwa mtu wa umri wangu, unaelea kama kanga iliyoanuliwa na upepo, lakini nilikimbia. Nikafungua fomu. Swali la nne: mahali pa kila mtu. Nikamuuliza Ratibu, mahali pa mtu ni nini? Ni pale anapolala? Pale anapofanya kazi?

"Shirika halikufafanua, Karani. Ufafanuzi ni wa desturi."

Nikamuuliza karani akigundua ameandika mahali pasipo pa mtu, sahihisho linaanza lini. Akasema linaanza siku mpya inapoingia mahali palipoandikwa upya. Nikamuuliza jua linazama saa ngapi Mlalo. Akasema leo, saa kumi na mbili na dakika kumi na tisa jioni.

Sasa, sahihisho lilitaka shahidi, mtu mzima aliyejua mahali penyewe. Nikampigia dada mkubwa wa Shekuwe, Mama Zaina, miaka sabini na minne, aliye Mlalo. Nikajitambulisha kwamba mimi ni wa ofisini, Mwezini, na ninataka kujua kitovu cha mdogo wake kilizikwa wapi. Yule mama akaanza kuomboleza. Kumbe kwa akili yake, na sikumlaumu, ofisi ikiuliza kitovu cha mtu inatafuta pa kumzika. Majirani wakajaa. Ikabidi nimwite Shekuwe mwenyewe aje aongee ili dada yake aamini yu hai, na hata hapo alimtaka ataje jina la mbuzi waliyemchinja mwaka fulani. Alipotulia akasema ndiyo, mgombani, nyuma ya jiko, yeye mwenyewe ndiye aliyechimba shimo akiwa msichana, tena alichimba kwa upawa.

Nikaandika: Mlalo, nyuma ya jiko, chini ya mgomba. Shahidi: aliyechimba. Nikatia muhuri saa nane na dakika hamsini na mbili. Saa tisa kamili Bwana Toliva akapiga, nikamwambia sitasaini, nikamtakia familia yake afya.

6

Saa kumi na mbili jioni tulikuwa wote kwenye lango la kutokea, watu arobaini na mmoja, Shekuwe mbele na mfuko wake wa plastiki. Nje kulikuwa giza lile lile la siku nane. Nilikuwa nimesimama karibu na ile taa nyekundu ya kibali, nikiwaza kwamba kama nimekosea, mzee huyu nimemvunja moyo mara mbili ndani ya mwezi mmoja.

Ikapita dakika ya kumi na nane. Ikapita ya kumi na tisa. Taa ikageuka kijani.

"Bwana Shekuwe," akasema Ratibu, "kwako ni tarehe kumi na mbili. Mkataba wako umekwisha. Asante kwa kazi."

Chausiku akapiga kigelegele, na wote wakapokea. Shekuwe hakupiga kelele. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, kama unavyomshika mtoto anayekwenda shule, akaniombea dua fupi, akaingia kwenye gari la kumpeleka kwenye chombo.

Ni baada ya gari kuondoka ndipo nilipoisoma ratiba ya chombo vizuri, nikakaa chini. Mlango wa abiria hufungwa saa kumi na mbili kabla ya kuruka. Chombo kinaruka saa tatu asubuhi ya tarehe kumi na mbili, kwa hiyo mlango unafungwa saa tatu usiku, kukiwa bado tarehe kumi na moja kwa hesabu ya makao makuu. Kile kibali cha Bwana Toliva kingefunguka saa sita usiku. Shekuwe angefika na kibali halali, na kanzu iliyonyooka, akakuta mlango umefungwa tangu saa tatu nyuma. Sidhani meneja alikusudia kunidanganya. Alikuwa hajui tu, hajawahi kupanda. Ni hesabu ya bibi Mwanamkuu peke yake ndiyo iliyomwingiza mzee ndani.

Bwana Toliva alipogundua alisema jambo la busara, na mimi humpa mtu haki yake. Alisema kama kitovu kimefaa kwa mmoja, basi niwasahihishe wote jioni ile ile, kila mtu kwao, jua lizame, kazi ianze. Nikamwambia naam, bwana, kwa moyo mmoja. Ila kila mmoja anahitaji shahidi, na mashahidi ni mama na mabibi walio Ujiji, Kilwa, Singida, Mpwapwa na kwingineko, wengi hawapokei simu za namba wasiyoijua, na waliozika wengine wamekwisha kufariki, itabidi wazee wa ukoo wakae. Akaniuliza majibu yatapatikana lini. Nikamwambia kesho.

Yeye akaridhika, maana kesho yake ilikuwa saa chache mbele. Ya kwetu ilikuwa tarehe tatu ya mwezi wa saba. Kufikia hapo wakubwa wake walikuwa wameulizwa na watu wa magazeti kwa nini wachimbaji wa Mwezini walihitaji jua ligome ndipo wapate usingizi, na Chausiku akaandikiwa barua. Jumapili ilirudi. Ni barua ya kwanza aliyojibiwa.

Mimi mahali pangu sikuweza kupasahihisha. Karani hajisahihishi, anahitaji karani wa pili, na wa pili hakuna. Wenzangu mmoja mmoja wakaletewa vitovu vyao na dada zao na shangazi zao, wakahamia tarehe za kwao. Nikabaki peke yangu katika tarehe nne, nawaandalia wengine kesho.

Ujumbe wa Shekuwe ulifika nikiwa humo. Alisema maneno hakuyakosea. Shemeji alipewa kazi ya kugawa sharubati, na aliigawa vizuri. Alisema wageni wa mjini, walioambiwa karamu ni usiku wa Ijumaa, walifika siku ya pili yake wakakuta masufuria yanaoshwa, wakapewa kiporo. Salha ananisalimu, ananiita shangazi. Chini aliandika tarehe, na kwa kuwa ananijua, hakuandika kwa namba. Aliandika: Ijumaa, jua linazama, nimekaa nyuma ya jiko.

Nikamwandikia hongera. Nikafika mahali pa tarehe, nikamuuliza Ratibu kwa mazoea leo ni tarehe ngapi, akaniambia ni tarehe nne. Nikaandika tarehe nne. Kisha nikainuka nikaenda kuoga, maana kwa hesabu ya bibi yangu ulikuwa umeshaingia usiku wa Jumamosi.